Unga wa ulezi tunauuza sana, ila nani ameupima kwa watoto wetu?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hii yangu ni ndefu ila jambo lenyewe halisemeki kwa mistari mitano. Kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, na wengine wote habari za huko mliko.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimezaliwa Kilolo nikaolewa Mbeya, na toka 2016 nauza unga pale Mwanjelwa. Nauza unga wa lishe, ule ambao mama akitoka kliniki anapita anauliza "dada una ule wa mtoto?" nami nampimia. Ulezi nachukua wa Sumbawanga, unakuja kwa magunia, naununua kwa debe, napepeta mwenyewe na kuosha maji matatu manne maana una mchanga na vijiwe ambavyo mashine haivioni, inavisaga humo humo na mtoto anavila. Nasema haya mwanzoni ili asije mtu akasema naandika kwa wivu wa biashara. Biashara ni yangu na ndiyo ninayotaka ipimwe.

Mwezi wa pili nilienda nyumbani Kilolo kumsalimia mama. Kwa mdogo wangu kuna mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, na siku ile ile niliyofika mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na ule utepe wa kupima mkono. Kwa wasioujua, utepe una rangi tatu, kijani ni kuanzia sentimita 12 na nusu kwenda juu, njano ni kati ya 11 na nusu na 12 na nusu, na chini ya hapo ni nyekundu, yaani mtoto ana utapiamlo mkali na safari ni ya zahanati siku hiyo hiyo. Wa kwetu akaangukia njano. Mdogo wangu akanyamaza, mimi nikageuka pembeni, na nilipogeuka nikaona juu ya msumari ukutani umening'inia mfuko wa unga wangu mwenyewe, ule niliomtumia kwa basi mwezi wa kumi na mbili, kilo tano, bado umebaki nusu.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nikakaa jikoni nimwangalie anavyopika. Akachota vijiko vitatu vya unga akaweka maji mengi, uji ukatoka mwepesi kiasi kwamba ukiumimina kwenye kile kibakuli cha bati yale maua yaliyochorwa chini unayaona. Nikamwambia mbona unampa mtoto maji? Akanijibu, "Dada, nikiuweka mzito hali, anausukuma na ulimi, nikilazimisha anatapika." Na ni kweli mtoto mdogo hawezi kumeza uji uliosimama, na tumbo lake lenyewe ni kama kikombe kimoja tu, sasa kikombe hicho ukikijaza maji hata kama unga umetoka kwa malaika hautamfanyia chochote. Mtoto anashiba maji analala, mama anaona ameshiba anaenda shamba, jioni tena hivyo hivyo.

Yule mhudumu, dada mmoja mpole sana, akauliza kama hapo jirani kuna mtu anapika pombe. Nikashangaa. Shangazi yetu anapika komoni, na nyuma ya nyumba yake kila wiki kuna mkeka umeanikwa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa. Akamwomba kiganja kimoja cha kimea kilichosagwa, safi, kisicho na ukungu. Akarudi jikoni akapika uji mzito, vijiko sita, mpaka mwiko ukawa unasimama peke yake, akautoa jikoni, akauacha upoe mpaka unaweza kushika sufuria kidogo bila kuungua maana ukiwa unachemka kimea kinakufa hakifanyi kazi, akaweka kijiko kimoja cha kimea akaanza kukoroga taratibu. Mhariri, nimepika uji maisha yangu yote sijawahi kuona kitu kile. Haikufika dakika kumi ule uji uliosimama ukalegea ukawa unatiririka kama maziwa, na hajaongeza hata tone la maji. Akaurudisha kwenye moto ukachemka tena kidogo kuua vijidudu, ukapoa, mtoto akanywa bakuli zima, na ndani yake kulikuwa na unga mara mbili ya ule wa asubuhi.

Sasa kumbe jambo hili sio geni. Nikaja kuuliza kwa afisa lishe mmoja akaniambia kimea ndicho watafiti wa Taasisi yetu ya Chakula na Lishe, hii iliyoanzishwa 1973, walikuwa wanakifanyia kazi miaka ya themanini, na waliandika mpaka nje huko watu wakasoma. Nafaka ikichipua inatengeneza kimeng'enya kinachokata wanga, ndo maana uji unalegea. Na kuloweka na kuotesha kunapunguza pia yale yanayoitwa faiteti, ambayo yanashika madini ya chuma na zinki kwenye nafaka mwili usiyapate. Akaniambia pia nisije nikawa mjanja nikatumia mtama badala ya ulezi, maana mtama ukichipua yale machipukizi yanatengeneza sumu ya sianidi, ulezi hauna tabia hiyo. Haya yote shangazi yangu hayajui, ila mikono yake inajua kuotesha ulezi kuliko mtu yeyote mwenye digrii, siku moja kuloweka, siku mbili tatu chini ya gunia bichi, kuanika, kusugua mizizi itoke, kusaga. Na unaenda wapi ulezi wote huo? Kwenye pombe. Vijiji vingi vya kwetu ulezi uliopo nyumbani unaenda kwenye pipa na mtoto anapikiwa uji wa sembe.

Hapo ndo ninapotaka wasomaji wanielewe. Iringa sio mkoa wa njaa. Iringa, Njombe, Rukwa, Mbeya, Songwe, Ruvuma, hii ndo mikoa inayolisha nchi, mahindi yanatoka huku, viazi, maharage, parachichi, maziwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipopima urefu wa watoto chini ya miaka mitano ukakuta udumavu nchi nzima ni asilimia 30, na Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Iringa ya kwanza nchini. Na utafiti kama huo wa 2015/16 Iringa ilikuwa karibu asilimia 42, yaani tumepanda wakati nchi inashuka. Kila watoto kumi wa kwetu zaidi ya watano ni wafupi kuliko umri wao, na ufupi huu sio ule wa kurithi kwa babu, ni mwili ambao haukupata chakula siku elfu moja za kwanza, toka mimba mpaka miaka miwili.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Iringa hii hii ndo ilikuwa darasa la dunia. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe Iringa, wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF pamoja na serikali yetu, hela ikitoka Italia, ukaanza na vijiji 168. Mama yangu anaukumbuka, anasema watoto walikuwa wanapimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, matokeo yanasomwa mbele ya kamati ya kijiji, mtoto wa nani ameshuka na kwa nini, na kijiji kinaamua kifanye nini. Utapiamlo mkali kwa kipimo cha uzito ulishuka kutoka asilimia 6.3 mpaka 1.8 ndani ya miaka michache. UNICEF walichukua yale waliyojifunza Iringa wakayapeleka nchi nyingine. Sisi tukabaki na nini?

Narudi kwenye ulezi. Kila siku kwenye simu zetu tunatumiana "ulezi unatibu hiki, ulezi unatibu kile". Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi, ulezi, uwele, mtama na ndugu zake, India ndo walioomba, na toka hapo wateja wangu wameongezeka. Nashukuru. Lakini tuseme ukweli wote. Ulezi una kalsiamu nyingi kweli, zaidi ya miligramu 300 kwenye gramu 100 wakati mahindi hayafiki hata 30, na unakaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu, hilo halina ubishi. Protini yake ila ni ndogo, asilimia kama saba, na inapungukiwa laisini, kiungo cha protini ambacho mtoto anakihitaji akue. Madini ya chuma yamo lakini mengi yamefungwa na hizo faiteti nilizosema. Kwa hiyo ulezi peke yake na maji haumtoi mtoto kwenye njano. Unahitaji maharage au soya, au usipa (dagaa wa Kyela) uliosagwa, au kikombe cha maziwa, au yai, na mafuta kidogo au parachichi.

Na sisi wauzaji tumejibuje? Tumechanganya kila kitu. Mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, nafaka saba, nafaka tisa, kama vile idadi ndo lishe. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka mitatu. Mpaka kwenye semina moja nikaelezwa kwamba soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na uji wa dakika kumi hauiivishi, na kwamba karanga ukiisaga na nafaka unga unaharibika haraka, na karanga na mahindi vikihifadhiwa na unyevu vinaota ukungu wenye sumukuvu. Sumukuvu haina utani, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 20 walifariki. Toka siku hiyo nauza ulezi peke yake, soya iliyoandaliwa peke yake, na kimea kwenye kamfuko kake, na namwelekeza mama aunganishe nyumbani. Wateja wengine walinikimbia wakaenda kwa wa nafaka tisa.

Kuna jamaa mmoja analeta mifuko mizuri yenye picha ya mtoto mnene anacheka, imeandikwa "inaondoa udumavu". Nilimuuliza kaka, umejuaje kama inaondoa? Akasema watu wanasifia. Watu wanasifia! Ukipata alama ya TBS, Shirika letu la Viwango, maana yake unga ni salama na umetengenezwa kwa kiwango, na hilo ni muhimu sana wala silibezi, ila alama ile haisemi mtoto aliyekula miezi sita ameongezeka sentimita ngapi. Dawa ya mafua tu haiuzwi mpaka ijaribiwe. Unga wa mtoto wa miezi saba tunautosa sokoni na sifa za kubuni.

Ninachoomba ni majaribio ya kweli, hapa hapa kwetu, na watoto wetu. Wengine wamefanya. India kwenye jimbo la Karnataka walibadilisha chakula cha mchana shuleni, wali ukaondolewa wakaweka vyakula vya ulezi na nafaka ndogo ndogo kwa miezi mitatu, wakapima, na wale waliokula wakakua vizuri kuliko wenzao, lakini wale walikuwa watoto wakubwa wa shule, sio hawa wa miezi minane, kwa hiyo hatuwezi kunakili tu. Malawi, hapo tu ukivuka Kasumulu, walijaribu chakula tiba cha soya, mahindi na mtama kwa watoto wenye utapiamlo mkali wakakilinganisha na kile cha kawaida cha karanga na maziwa, matokeo yakatoka mwaka 2017 kwamba kile cha nafaka kinaponyesha sawa sawa na cha maziwa. Hawa ni majirani zetu, tunauziana nao mahindi, tunaoana nao. Kama wao wameweza kuwashika watoto mikono na kuwapima wiki hadi wiki, sisi tunashindwa nini wakati Uyole kuna watafiti wa kilimo, Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda, na vyuo vikuu viko Mbeya na Iringa?

Mimi sio mtafiti ila nimefikiria jinsi linavyoweza kufanyika. Zichukuliwe kata chache, labda Kilolo, labda Mufindi, na kwa Mbeya hata Mbarali. Watoto kuanzia miezi sita, maana kabla ya hapo ni ziwa la mama tu. Kundi moja wazazi waendelee na uji wanaoupika siku zote ila wapate mafunzo yale yale ya usafi na mlo, kundi lingine wapewe uji wa ulezi uliowekwa kimea pamoja na maharage au usipa, na lingine uji wa ulezi huo huo na mchanganyiko huo huo lakini usiowekwa kimea, tujue ni ulezi unaofanya kazi au ni kimea. Urefu upimwe vizuri, mtoto mdogo analazwa kwenye ubao hapimwi amesimama, na damu ipimwe. Na isiwe wiki mbili za kupiga picha. Mkono unaweza kunenepa kwa mwezi ila urefu unataka muda, angalau mwaka. Na waangalie kitu ambacho watu wa ofisini hawakioni, je mama anaweza kuendelea kupika hivyo mwezi wa kwanza na wa pili wakati wa palizi, anapotoka saa kumi na moja alfajiri na mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa? Maana pale kwetu chakula kipo, anayekosekana mchana ni wa kumlisha. Mtoto wa miezi tisa anatakiwa ale mara tatu nne kwa siku, na wa mdogo wangu siku za shamba alikuwa anakula asubuhi na usiku. Unga wa aina yoyote ile hauwezi kuziba hapo kama hautapimwa katika maisha hayo hayo.

Hela mtasema itoke wapi. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe mbele ya Rais. Itengwe sehemu ndogo ya hizo, mabanda na fulana za maadhimisho vipunguzwe mwaka mmoja tu.

Na matokeo yarudi kijijini. Hili nalisema kwa msisitizo maana tumeshapimwa sana sisi, wanakuja na magari, wanaandika, wanaondoka, karatasi inaenda Dar. Shangazi yangu asiposomewa matokeo kwa lugha anayoielewa, kimea chake kitaendelea kwenda kwenye pipa.

Kuna jambo moja zaidi na ni zito kidogo. Mdogo wangu hakuwa amempeleka mtoto kliniki miezi miwili. Nilipombana akalia akasema akienda wenzake wanamtazama, wanasema mtoto "amebemendwa". Wote tunajua maana ya neno hilo, kwamba mama na baba hawakusubiri, ndo maana mtoto amedhoofika. Ndugu zangu, kinachomdhoofisha mtoto ni uji wa maji na kuharisha na kula mara mbili kwa siku. Neno lile linawafungia kina mama ndani na watoto walio kwenye njano wanafika nyekundu wakiwa wamefichwa. Mtafiti yeyote atakayekuja ajue kwamba watoto anaowatafuta zaidi hatawakuta kwenye foleni ya kliniki, itabidi apite nyumbani kama alivyopita yule dada. Na mzazi mwenye mtoto aliyefika nyekundu, au miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, asikae nyumbani na uji wangu wala wa mtu mwingine. Huyo ni wa zahanati, kule kuna maziwa maalumu na chakula tiba, na ulezi utamkuta akirudi.

Mimi nimejiandaa. Kama kuna taasisi au chuo kitaanza, natoa madebe mawili ya ulezi safi bila malipo, na shangazi amekubali kufundisha kuotesha, amesema ila mkeka wa kimea cha watoto utakuwa mwingine, hauchanganywi na wa pombe. Mtoto wa mdogo wangu amepimwa mara mbili toka mwezi wa pili, mara ya kwanza 12.1, mara ya pili 12.4, bado milimita moja aguse kijani. Sijui ni kimea, au ni maziwa aliyoanza kupewa, au ni kwamba bibi yake sasa anakaa naye mchana.

Mama muuza unga,
Soko la Mwanjelwa, Mbeya